Mita Mia Nne

Kipande cha kumi na saba kimeruka.
Nilisikia ti! tu, kama ukucha wa paka juu ya kigae,
kisha kimya, na kibano changu kinabana hewa.

Ulikuwa mkono wa kufungia mafuta,
mwembamba kuliko ukope, na ncha yake nyekundu
niliyoipaka jana kwa sindano, pumzi nimeizuia.
Basi nimepiga magoti, mzee wa miaka sabini na mmoja,
tochi mdomoni, natambaa zuliani.
Květa anapita na kapu la nguo, ananikiuka.
"Unasali au umepoteza kitu?"
"Vyote viwili," nasema, na tochi inaanguka.

Miaka thelathini na minane nilitengeneza meno ya watu
hapa hapa Olomouc, ghorofani, juu ya duka la mikate.
Najua gundi inavyonuka kabla haijashika.
Najua kusugua kitu mpaka kisahau kuwa kilisuguliwa.
Lakini jino lina shukrani: linauma mkate, linacheka.
Hiki chumba cha rubani, nikishazifunga mbavu mbili za ndege,
nani atachungulia?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa.
Nami ninavyo kumi, na chawa wa shaba wananishinda.

Ndege yenyewe si ya vita.
Ni ya shamba, Čmelák, maana yake nyuki bambi:
tumbo nene, mngurumo mzito,
ikimwaga dawa juu ya viazisukari.
Ladislav, shemeji yangu, aliirusha miaka kumi na minne,
akirudi ananuka dawa hata supu ikanuka.
Dada yangu alimvulia buti nje, theluji ikianguka.

Bamba la shaba lilikuja ndani ya bahasha, limelala bapa,
asidi imeshachonga kila kitu: kanyagio, vifungo, mikanda,
vyote vimeshikwa kwenye fremu kwa visikio
kama watoto waliokatazwa kutoka mstarini.
Unakata kwa wembe mpya. Unakunja,
mara moja tu. Shaba husamehe kosa moja; la pili huvunjika.
Mikanda niliipitisha juu ya mshumaa, ikalegea,
nikailaza kitini kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi
kwenda kukojoa nyasini.

Na dashibodi! Tabaka la nyuma lina nyuso za saa, la mbele lina matundu.
Tone la vanishi kila tundu,
na kila saa ikapata jicho, ikanitazama.
Chakula cha mchana kilipoa mezani. Nilikiona. Sikwenda.

Jumapili Ladislav akaja na fimbo yake na keki ya mbegu za mpopi.
Nikampa kioo cha kukuza. Akainama,
nikasikia pumzi ikipiga mluzi puani mwake.
Nilitarajia, sijui, chozi labda.

"Uongo," akasema.

"Uongo gani?"

"Hii ya mwinuko. Inasema sifuri.
Yangu ilikwama mita mia nne tangu mwaka wa pili.
Niliripoti. Fundi akaniambia: unaruka juu ya viazi,
mwinuko unautakia nini?
Nikitua, nikishuka, nikila mkate kivulini mwa bawa,
mle ndani bado niko mita mia nne."

Akala vipande vitatu vya keki akaenda zake.

Usiku nikaichokonoa vanishi kwa ndoano ya meno,
nikauchora mshale upya kwa unywele mmoja wa brashi.
Mara ya kwanza ukasema mia tisa. Nikafuta.
Mkono wa mafuta haujaonekana mpaka leo;
nimechonga mwingine kwa waya wa kunyooshea meno ya watoto,
nao umepinda kidogo, si kama wa kwanza.
Kisha nikapaka gundi, nikazibana mbavu kwa mipira, nikazima taa.

Ukiitazama sasa huoni kitu. Giza tu,
na ukiinamisha kichwa, kama kuna mmeto.
Iko rafuni kando ya kamusi,
sentimita mia na sitini kutoka sakafuni.
Ndani, mita mia nne.