Saa Tisa za Usiku, na Kweupe

Barafu ya mto Tornio ilipasuka tarehe tatu,
mlio wa kabati la vyombo likianguka ghorofani,
na Ilpo akaacha kulala.

Mwanzoni nilishukuru. Niseme kweli, nilishukuru.
Miezi mitano alikuwa amekaa kwenye kiti kile cha kijani
akiitazama theluji kama mtu anayesubiri chenji yake.
Sasa anapiga mluzi. Anaosha madirisha.
Alinibusu shingoni nikimenya viazi,
akasema ninanukia mwanga.
Nani angemwita daktari kwa hilo?

Akalala saa mbili, kisha moja,
kisha hata ile moja akaigawa.
Jua nalo lilikuwa limekataa kuzama,
wakawa wanashindana, yeye na jua.
Saa tisa za usiku nikamkuta uani
anaipaka sauna ya marehemu baba yangu rangi ya machungwa,
mlango, benchi, ndoo, ngazi,
viganja vimechubuka wala hana habari,
na anasema:

     Nipe taa, mke wangu, taa ya nini, ni jua!
     Jua halali, mwenzangu, halali nami, najua,
     nina daraja la mbingu, mbao nimezinunua,
     mbingu, pingu, chungu, rungu, kamata, chana, fungua!

Maneno yalishikana mikono kwa sauti tu.
Maana iliachwa nyuma, inakimbilia basi.

Mbao kweli alizinunua.
Na mitumbwi kumi na mmoja, kwa mtu wa Haparanda, ng'ambo ya mpaka,
kwa pesa za meno ya Venla.
Alimpigia meya simu usiku wa manane.
Alimwambia mjane Niskala jambo
ambalo mpaka leo mjane ananisalimu akitazama viatu vyangu.
Nilipoficha funguo za gari
bakuli la sukari lilipita karibu na sikio langu,
na macho yake yalinipita
kama unavyopita kibao cha barabarani cha mji usiokwenda.

Usiniambie ilikuwa furaha.
Furaha hushiba.

Siku ya tisa, hospitali. Daktari Lehtola, kalamu mdomoni:
Analala saa ngapi? Anakula? Anatumia pesa vipi?
Mawazo yanamkimbia? Anajiona ametumwa?
Nilijibu kama karani.
Kwenu au kwao, kuna mwingine?
Nikamtaja babu yake Eemeli,
aliyeuza msitu mmoja mara mbili kwa wiki moja,
kisha akalala kaugeukia ukuta hadi Krismasi.
Kwao waliita homa ya barafu, wakacheka.
Nikataja zamu za usiku pale kiwanda cha chuma,
vidonge vya kifua alivyoanza mwezi wa nne,
mazishi ya Voitto, kaka yake. Nikataja jua.
"Huenda vyote," akasema. "Huenda damu ilishapanga kuni,
na kiberiti sitakijua."
Nilitaka jina moja la kulaumu.
Alinipa fomu, nitie sahihi mahali pawili.

Alirudi mwezi wa saba, mnene kidogo,
kikombe kinatetemeka kwenye kisahani.
Anakunywa maji kama ng'ombe, kwa ajili ya ile chumvi ya vidonge.
Chumbani tumepigilia mapazia meusi;
saa nne tunaufunga usiku kwa misumari.
Mitumbwi tisa imerudi kwa mwenyewe.
Sauna bado ni ya machungwa, upande mmoja tu,
palipoishia mkono wake walipokuja kumchukua.
Hakuna anayegusa brashi.

Mara moja aliniuliza, gizani,
"Ile wiki ya kwanza. Ulinipenda zaidi?"
Nikajifanya nimelala.

Jana alipiga mluzi akiosha vikombe.
Nikasimama koridoni na ndoo ya nguo, nahesabu:
alilala saa saba. Kidonge cha asubuhi, amemeza.
Sauti si ya juu sana. Wimbo una mwanzo, unaelekea mwisho...

"Ni mluzi tu, Aune," alisema, bila kugeuka.