Mizani ya Mwaloni

Kabla ya ndege nilikuwa mpima dagaa
pale Mwaloni, Kirumba, miaka tisa.
Naujua uongo wa gunia lililoloweshwa usiku,
nalijua jiwe lililolazwa chini ya furu wakavu,
nakijua kidole kinachobonyeza sahani
huku mdomo ukiulizia afya ya watoto.
Kwa hiyo waliponichukua kule uwanjani, Ilemela,
kupima mabegi ya shirika jipya la nauli nafuu,
sikuhitaji semina.
Walinipa fulana ya rangi ya machungwa
na kiti kinachozunguka.

Siku ya kutia saini, hotelini Capri Point,
niliitwa kubeba trei ya soda, mhudumu kachelewa.
Mkataba ulikuwa kurasa mia mbili na kumi.
Mzee Nkwabi Lushinge, aliyeuza kinu chake cha pamba Magu
(na ng'ombe, watu husema, ingawa mwenyewe hukana),
alisoma kurasa mbili za mwanzo na moja ya mwisho,
akavua miwani.
Wageni walikuwa watatu. Mrefu wao, Bwana Lindqvist,
akatazama dirishani, akauliza
yale majabali ziwani aliyapanga nani.
"Mungu," akajibu Mzee. "Na hakuwa na mbia."
Mkalimani alicheka peke yake,
kisha akakumbuka kutafsiri.

Hamsini na moja kwetu, arobaini na tisa kwao.
Makofi.
Mimi, mtu wa mizani, nikapima mengine:
ndege ya kukodi, kwa dola,
rubani wa kukodi, kwa dola,
mafuta, dola, bima, dola,
na hasara, katika kipengele nilichokisoma kichwa chini
chupa zikigongana mkononi mwangu,
hasara imeandikwa kwa shilingi.

Safari ya kwanza ilichelewa saa nzima.
Gari la zimamoto lilikwisha mwaga maji yake ya heshima,
ngoma zilikwisha choka,
lakini kongoti wa viwanda vya minofu
walikaa katikati ya njia ya kurukia
kama wanahisa wasioalikwa.

Elfu arobaini na tisa hadi Dar.
Begi la mkononi, kilo saba.
Ikizidi, kila kilo elfu nne.
Ng'washi akaja, yuleyule wa meza ya tatu Mwaloni,
amevaa magauni matatu na koti la marehemu mumewe,
mifuko imevimba dagaa wa kukaanga.
"Mwangaluka," akasema. "Pima ndoo. Mimi usinipime."
Ndoo ya sato: kumi na moja na nusu.
Nyuma yake foleni, mbele yangu macho yake,
chini ya kaunta goti langu.
Goti likapanda kidogo.
Saba, ikasema mashine.
Saba, nikaandika.

Wakaja wengine. Mji huu hauna siri,
na goti halina mshahara.

Mwezi wa nne ikatoka barua kwa Bwana Lindqvist:
ndege za Mwanza zinakunywa mafuta
kuliko mabegi ya Mwanza yanavyokiri.
Wataalamu wakaja na kompyuta, wakapima upepo wa ziwa,
wakapima joto la lami,
wakaandika kwamba sababu haijulikani.

Jioni ile, abiria wa mwisho kaondoka,
Mzee Nkwabi aliingia bila mlinzi wala tai.
Akauweka mkataba juu ya mizani yangu.
Gramu mia tisa na sitini.
"Kinu kizima," akasema, "na hakifiki kilo."
Akavuta kiti cha wazee na wagonjwa, akakaa.
Nje kongoti walikuwa wanarudi majabalini, wawili wawili,
bila tiketi.
Akaniuliza, polepole, kama mtu anayeulizia bei
ya kitu ambacho hatanunua:
umewahi kubonyeza?

Nikasema ndiyo, Mzee.

"Upande gani?"