Tetri Kumi

Lifti ya jengo letu haijui habari za kadi.
Ina kijisanduku cha bati ukutani,
mdomo mwembamba kama wa karani aliyekaribia kustaafu,
na inajua neno moja tu: tetri kumi.
Huna? Ngazi zile pale, dada.

Simu yangu inaweza kuninunulia kiti huko Osaka
nikiwa nimelala chali, kwa kidole gumba,
lakini haijawahi kunifikisha ghorofa ya tisa.

Jumanne ile ya Agosti, joto limeikalia Tbilisi kama kuku atamiaye,
nilitoka kazini na rangi nyekundu kichwani.
Nachora lebo za chupa za mvinyo. Mteja anataka nyekundu
isiyo ya damu, isiyo ya midomo, isiyo ya bendera.
Wiki ya tatu hii. Nimemtumia arobaini na moja,
na kila moja amejibu: karibu.
Karibu, karibu, na mlango haufunguki.

Njiani, mtu aliuza matikiti kutoka buti la gari.
Akaligonga moja kwa kidole, akatega sikio,
akasema, "Hili lilikuwa linakungoja wewe."
Nina digrii mbili. Nilimwamini.
Kilo kumi na moja.

Ghorofa ya kwanza na ya pili nilipanda kwa majivuno.
Ya tatu nilibadilisha mkono.
Ya nne tikiti likawa mtoto wangu, ubavuni.
Ya tano likawa mtoto wa mtu mwingine.
Ya sita simu ikalia: Irakli, bosi wangu, kwa video,
na mteja pembeni yake. "Dakika mbili tu. Uko mezani, Eliso?"
"Niko mezani," nikasema, jasho likinidondoka puani,
nyuma yangu baiskeli ya jirani na ndoo ya rangi iliyokauka.

Mwenye mikono miwili hawezi
kushika simu, tikiti na uongo kwa mpigo.
Kimoja kiliniponyoka.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.
Hawakusema ni nani atakayeshuka.
Du. Du. Du-du.
Ngazi kwa ngazi, kwa adabu kabisa,
likipunguza mwendo kwenye kona kama lina leseni,
likamkuta Zviad wa ghorofa ya tano akitoa taka,
naye, badala ya kulizuia,
akajibana ukutani, akalipisha.
Likafika ya nne, mlangoni kwa Mzia afundishaye piano,
na hapo likafunguka.
Sisemi lilipasuka. Lilifunguka,
kama mtu aliyechoka kutunza siri.

"Kelele gani hizo?" akauliza Irakli.
Nikashuka mbio, na kwa kukosa la kusema nikaigeuza simu.
Kimya.
Mteja akasogeza uso mpaka pua ikajaa kwenye kioo.
"Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo! Ulikuwa umeificha wapi?"
"Nilikuwa bado naifanyia kazi," nikajibu,
maana kuna saa uongo na ukweli huvaa viatu vya saizi moja.

Tulilila pale pale ngazini:
mimi, Zviad, Mzia, na wanafunzi wake wawili
waliotoka kuchungulia na hawakurudi tena kwenye piano.
Kisu kilikuwa kimoja. Maganda yalikwenda mfuko wa Zviad,
na mbegu, sitaki kusema zilikwenda wapi,
ila mtoto mdogo alishinda.

Usiku, nikifua suruali yenye madoa,
nikaingiza mkono mfuko wa nyuma.
Tetri kumi. Na nyingine kumi.
Zilikuwa zimepanda nami ngazi zote, zimenyamaza.

Asubuhi ujumbe wa mteja:
"Nimeiangalia tena. Nzuri sana.
Je, tunaweza kuipunguzia utamu kidogo?"

Nikaiweka sarafu mkononi, nikaita lifti,
nikasimama mbele ya kile kijisanduku kama tajiri.
Milango ikafunga yenyewe.
Nilikuwa nimesahau: kushuka ni bure.