Uchakavu

Kazi yangu ni mabango. Miaka ishirini na miwili
idara ya barabara imenipa gari, ngazi, spana,
na fomu yenye visanduku vya sababu:
kugongwa, upepo, theluji, uchakavu.
Kisanduku cha bunduki hakuna.
Nami, mtu wa kufuata fomu,
hutia vema kwenye uchakavu.

Bango la daraja lina mistari miwili.
Juu Kinorwei: Bjørnelva.
Chini Kisami: Guovžajohka.
Mto ni mmoja, dubu ni yule yule,
ila mstari wa juu haujapata hata mkwaruzo.
Wa chini, msimu wa kuwinda ukifunguliwa,
hutobolewa ukawa chujio.
Wana shabaha, niwape haki yao:
mita themanini, gari linatembea,
na bado wanaipata ile z kwenye kijikofia chake.

Ravdna alikuja karakana siku ya Jumanne,
buti zimeganda matope ya zizi la kulungu,
akauliza mabango mabovu huenda wapi.
Kuyeyushwa, nikasema.
Niuzie.
Si yangu.
Basi yasahau nje ya uzio.

Nikayasahau.
Nimekuwa msahaulifu miaka minne.

Nilidhani atayaziba. Nilidhani msanii
ni mtu wa kupaka rangi palipochubuka.
Hakuziba hata tundu moja.
Aliyaning'iniza katika ghala la zamani la samaki,
taa moja nyuma ya kila bango, kwingine giza,
na matundu yakamwagika ukutani, nukta nukta za mwanga,
zikatambaa juu ya makoti yetu, juu ya nyuso.
Chini ya kila bango, kwenye fremu, fomu yangu.
Saini yangu. Vema yangu. Uchakavu,
uchakavu, uchakavu, mara thelathini na moja.

Nilitaka kumkasirikia.
Hasira ikakwama kooni kama mwiba wa chewa:
hakuwa ameongeza neno hata moja.

Kisha akanipa kipaza sauti.
Wewe ndiye uliyeyapandisha yote, akasema. Yasome.

Husemwa ulimi hauna mfupa.
Wangu uliota mfupa pale pale.

Mama alikuwa Gáren mpaka alipotimiza miaka saba.
Shule ya bweni ikamrudisha Karen,
nywele zimekatwa, mdomo umefungwa vizuri.
Sisi watoto alitupa Kinorwei kilichofuliwa,
kilichopigwa pasi, kisicho na harufu ya moshi.
Ile nyingine, alisema, haimlipi mtu mshahara.
Alikosea. Imenilipa miaka ishirini na miwili,
bango kwa bango, bila kuijua.

Nikasoma. Nikayavunjavunja majina.
Bibi mmoja mstari wa mbele alinisahihisha kwa midomo tu,
bila sauti, kama anayemlisha mtoto.
Nilipofika Guovžajohka nikasimama.
Guovža.
Alikuwa mbwa wetu.
Kila jioni mama alifungua mlango wa nyuma
akaliita jina hilo gizani, mara mbili, refu,
na sikuwahi kujiuliza ni neno.

Basi nikaliita hivyo.
Kama unavyomwita mbwa arudi ndani.
Kuna mtu ghalani alicheka, kuna mwingine akatoka nje.

Jumatatu daraja lilikuwa limepigwa tena. Matundu tisa.
Pembeni mwa visanduku nikaandika kwa kalamu:
risasi.
Gjermund ameirudisha. Mfumo, anasema,
haupokei neno lisilo kwenye orodha.
Nikaijaza upya, vile vile, kwa herufi kubwa. Ikarudi.

Jana usiku nilimpigia mama simu, kwenye nyumba ya wazee,
nikamuuliza risasi inaitwaje kwa lugha yake.
Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.
Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama nimefunga mlango.