Soksi ya Kanisani

Kabla hujaweka saini, kijana wa akina Friesen,
zunguka huku nyuma, mahali macho ya mnada hayakufika.
Unaiona hiyo nguo rangi ya chai ya maziwa
iliyovishwa mdomo wa kompresa
na kukazwa kwa mpira wa kufungia noti?
Usiivute. Ni soksi yangu.

Ya kuvalia kanisani. Ya mguu wa kulia, ukitaka kujua.
Nilipekua droo majira mazima ya baridi,
nikamshuku mbwa, nikamshuku dada yangu Olha,
Pasaka nikaenda na suruali, Padri akatazama dari.
Orest alikula viazi vyake kimya.

Hujawahi kuvuna dengu, eti?
Vumbi la ngano huanguka. La dengu hutembea.
Laini kama poda ya mtoto, na lina nia:
linajua tundu la ufunguo, linajua pindo la shuka,
mwezi wa tisa huku Saskatchewan nimelikuta ndani ya yai.
Sikudanganyi.
Au nakudanganya, lakini kidogo.

Sasa, kompresa kazi yake kulipuliza hilo vumbi
litoke kwenye rediota. Lakini ili ipulize lazima ivute,
na ikivuta uchafu pete zinalika, mafuta yanakuwa uji,
upepo unakwisha, makapi yanajaa,
na moto, mwanangu, haubishi hodi.
Mdomo wake kiwandani waliuweka chini, kwenye tifutifu.
Yeye akaunga bomba, akaupandisha hadi nyuma ya kibanda.
Chujio lao hakulitupa, si mjinga;
soksi ilikuwa bawabu tu:
kinachozuiwa mlangoni hakifiki sebuleni.

Kila jioni aliivua, akaipiga kwenye tairi mara tatu,
akaigeuza ndani nje, akaiinua kwenye jua
kuhakikisha hakuna tundu.
Miguu yangu yenyewe hakuwahi kuikagua hivyo.

Na yeye?
Kinywa wazi.
Barakoa niliyomnunulia ilining'inia kwenye kioo msimu baada ya msimu.
Inanipa joto, alisema.
Mganga hajigangi.
Mwaka wake wa mwisho, ngazi tano za kombaini
alizipanda kwa vituo viwili.
Daktari kule Saskatoon akatuwekea picha ya kifua kwenye taa,
weupe mtupu, kama shamba alfajiri ya jalidi.
Orest akainama karibu, akaitazama sana,
akauliza: hakuna tundu?

Kompresa ina miaka kumi na tisa, haijafunguliwa.
Iwashe, usikie inavyopumua.

Haya, saini hapo.
Na hii barakoa, hapana, haina bei. Vaa.
Vaa sasa, nikuone.
Soksi inaenda na mashine:
ifue Jumapili kwa maji baridi, uianike kivulini.
Ikitoboka nipigie simu.
Ya kushoto ninayo.