Andalio la Somo la Kwanza

Andalio langu la somo lilikuwa na kurasa tisa.
Nililinyoosha kama shati la arusi:
utangulizi dakika tano, maarifa mapya kumi na tano,
tathmini, hitimisho,
na chini kabisa nafasi ya maoni ya mwalimu,
niliyoiacha wazi.

Wisconsin, mwezi wa pili. Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Gari likakohoa, likakohoa, likakubali.
Mashambani theluji imelala kifudifudi,
mabua ya mahindi yameitoboa
kama ndevu za mtu aliyesahau kunyoa.

Bi. Roelke, mwalimu mlezi, miaka thelathini na mmoja darasani,
alinikabidhi funguo: wa darasa, wa karakana,
wa kibanda cha kioo ambamo miche ya nyanya
haina habari na baridi ya nje.
"Usiwaonyeshe kwamba unaogopa," alisema.
Kisha akacheka. "Wataona tu. Hawa wamekulia zizini,
na ng'ombe hunusa woga kabla hujafungua lango."

Mimi ni Kazoua Moua. Kwetu hatukufuga ng'ombe.
Bibi yangu analima haradali, giligilani na mchaichai
katika ekari mbili za kukodi nje ya Wausau;
Jumamosi sokoni anahesabu chenji kwa Kihmong.
Udongo naujua. Naujua kwa kucha.
Kiwele nilikisoma kitabuni,
na kitabu hakipigi teke.

Wanafunzi kumi na wanne. Mabuti yanachuruzika maji sakafuni.
Nikagawa dodoso la kufahamiana:
Jina lako. Unapenda nini.
Nyumbani mna ng'ombe wangapi?

Kalamu zikakwaruza. Mia na arobaini. Sitini na tatu.
"Mwalimu, mbuzi wanahesabika?"
Kule nyuma, karibu na kabati la mbegu,
Tobin Wojahn hakuandika.
Alilitazama swali
kama barua iliyotoka benki.

Nikamwendea na tabasamu la ukurasa wa tatu.
"Umekwama wapi?"
Akaandika sifuri.
Akaifunika kwa kidole gumba.
Darasa likanyamaza, na katika ule ukimya
nikatambua kuna jambo wote wanalijua
isipokuwa mimi niliyesimama mbele.

Jioni Bi. Roelke, akifuta meza isiyo na vumbi:
"Jumanne iliyopita. Malori matatu.
Walikuwa hamsini na wanane.
Bei ya maziwa, unajua..."
Hakuendelea. Sentensi hiyo
kila mtu hapa huimalizia kimoyomoyo.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kugawa dodoso.

Karatasi ya Tobin niliiacha ya mwisho.
Mbele, ile sifuri.
Nyuma, kwa penseli hafifu, safu baada ya safu:
Greta. Lotte. Lotte wa Pili. Hildegard.
Malkia. Mvunja-Ndoo. Yule Mweupe wa Mjomba.
Nilihesabu mara mbili: hamsini na wanane.
Kando ya Lotte wa Pili ameongeza:
*atazaa Machi tarehe tisa, anapenda kukunwa sikio la kushoto,
endapo kuna mtu atauliza.*

Kalamu nyekundu nikairudisha kwenye mkoba.

Asubuhi nilikuwa na mada ya uotaji wa mbegu,
maharage ndani ya pamba yenye unyevu, chati ya rangi.
Badala yake nikamwuliza, mbele ya wote,
sauti yangu ikitetemeka bila aibu:
"Kwa nini la kushoto?"

Alinyanyua kichwa. Akatazama kama ninamcheka.
Kisha akaeleza: kovu la nyaya, tangu alipokuwa ndama,
na jinsi ya kumsogelea, upande gani, mkono gani mbele.
Msichana wa mbuzi akaongeza la kwake.
Mwingine akabisha.
Kengele ikatukuta hapohapo.

Katika nafasi ya maoni nikaandika:
*Somo halikufundishwa. Malengo hayakufikiwa.
Mwalimu mwanagenzi aandike: Machi, tarehe tisa.*

Bi. Roelke alisoma, akatafuta miwani,
akasoma tena,
akatia sahihi.