Mabua ya Kiwanja Namba Kumi na Saba

Barua imekuja na muhuri wa kamati:
"Kiwanja namba 17. Mabua yaliyozeeka.
Yang'olewe kabla ya tarehe mosi Machi."
Chini, sahihi ya kalamu ya buluu.
Nimeisoma nimesimama, buti zimeshika tope,
upepo wa mto Tay unaniingia mikononi mwa koti
kama mtu anayetafuta chenji aliyoiangusha.

Mabua hayo ni sukuma wiki zangu.
Miaka miwili nazichuma kutoka chini,
jani, kisha jani, kilele nakiacha.
Ng'ombe unayemkamua humchinji.
Sasa zimenifika mabegani,
shingo ndefu zenye kovu la kila jani nililokula,
na juu kabisa kishungi kibichi,
kichwa cha mtoto aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Kamati inaona uzee.
Mimi naona ngazi.

Hapa Dundee kila bustani ina majani yake.
Kwa Wilma Lorimer, mpakani, ipo ya kujikunja,
nywele za mtu aliyetoka mvuani hajachana;
umande hukaa humo mpaka adhuhuri,
viwavi nao hukaa, wamepanga vyumba.
Karibu na bomba ipo nyeusi ya Kitaliano,
nyembamba, yenye vipele kama ulimi wa ng'ombe,
mchuzi wake rangi ya wino.
Ipo ya Kirusi, mshipa wa zambarau, jani la menomeno,
ambayo njiwa wanaijua kuliko mimi.
Ipo waiitayo Vichwa Elfu.
Zamani, asema Wilma, hiyo ilikuwa ya ng'ombe tu.
Akacheka, akachuma fungu, akaenda kuipika.
Nami chini ya wavu nina kanzira,
mbegu za kijiko kimoja
nilizouziwa na Mwethiopia mmoja wa Glasgow
kwa masharti kwamba nisizimwagie maji mengi.

Mama kwenye simu: "Na huko mnakula sukuma?"
"Tunakula."
"Basi mambo si mazuri."
Nikamweleza: dukani huuzwa imekatwa tayari,
vikonyo na vyote, ndani ya mfuko,
kwa bei ya nyama;
vijana huisaga na ndizi, wakanywa.
Kimya.
"Wanakunywa?"
"Wanakunywa."
"Bila ugali?"

Kwetu iliisukuma wiki mpaka mshahara.
Huku wiki yangu husukumwa na zamu,
nne za usiku, wodi ya wazee,
na asubuhi napitia hapa kabla ya kulala,
vidole vingali vinanuka dawa.
Januari ya kwanza niliyakuta majani yamekuwa kioo.
Nikalia, nikidhani yamekufa yote.
Saa sita yakainuka. Nikatafuna moja: tamu.
Baridi iliyabana, nayo yakajitengenezea sukari.
Sijui kama watu hufanya hivyo.
Mwaka ule mimi sikufanya.

Leo ni tarehe ishirini na nane. Nimekuja na kisu.
Kila bua lina machipukizi ubavuni;
nayabandua na kisigino chake, nayatia udongoni,
nakanyaga kidogo, basi.
Wilma amesimama kwenye ua.
"Bila mbegu?"
"Bila mbegu."
Miaka arobaini, asema, ananunua pakiti yenye picha.
Akanyoosha mkono. Nikampa mawili.
Akayafunga kwa gazeti kama samaki,
akachomeka kijiti kwake, akaandika kwa penseli,
akiniuliza herufi moja moja: S, U, K.
Mkono ule naujua.
Kwenye barua ulitumia kalamu ya buluu.

Nimekata mabua yote, isipokuwa moja,
lile refu, la pembeni.
Wilma alilitazama,
akatazama saa yake,
akaenda kuchemsha chai.